Kabla ya kumwaga msingi: shajara ya kupima udongo na maji ya kiwanja chetu, Manyatta, Kisumu

Kiwanja ni nusu ekari, Manyatta, si mbali na barabara ya Kibos. Kikundi chetu ni cha wauzaji wa sokoni, wengi wao akina mama wa omena, nyanya na mitumba, na tumekinunua kwa akiba ya miaka mingi. Tunataka kujenga nyumba za kupanga, na sakafu ya chini iwe na chekechea. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi. Naandika haya kwa ajili ya vikundi vingine vinavyonunua viwanja vya mjini vilivyokaa wazi: tulijaribu nini, nini kilikwama, pesa zilikwenda wapi. Kila hatua ikikamilika naongeza sehemu yake.

14 Januari 2025: historia

Dalali alituuzia "kiwanja kitupu". Na kwa macho ni kitupu kweli: nyasi, mwarubaini mmoja, mbuzi wa majirani. Hati ni safi, na kwa msajili wa ardhi hakuna deni wala kesi. Lakini hati inakwambia nani alimiliki ardhi. Haikwambii alimwaga nini juu yake.

Mtaalamu wa mazingira tuliyemwajiri, aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, alianza na kazi ambayo wanachama wengine waliiona ya kupoteza muda: kuuliza wazee. Aliwauliza mmoja mmoja, kila mtu peke yake, akiwapa karatasi wachore wanachokumbuka. Akiwakalisha pamoja, anasema, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote. Jaduong' mmoja (mzee, kwa Kijaluo) aliyewahi kuwa kondakta wa matatu ndiye aliyetufungulia mlango.

"Nyathina (mwanangu), hapo palikuwa na pampu. Mafuta ya taa upande huu, petroli upande ule. Baadaye akaja mtu wa betri, akajenga kibanda cha mabati."

"Na tangi walilitoa lini, Jaduong'?"

"Nani alikwambia walilitoa?"

Pampu, kwa kumbukumbu zake, ilikufa kabla ya vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Hilo lina maana yake. Petroli yenye risasi, madini ya sumu, iliacha kuuzwa Kenya mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo kilichovuja hapo kwa miaka mingi kilikuwa petroli yenye risasi ndani yake. Betri za gari nazo ni risasi na asidi. Picha za zamani za setilaiti, ambazo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzirudisha nyuma mwaka kwa mwaka, zilionyesha paa la mabati upande wa kusini na doa jeusi la udongo mbele yake. Michoro ya wazee watatu iliweka kibanda mahali palepale.

Gharama ya hatua hii: chai, mandazi na kredi ya simu. Hakuna pesa iliyotuletea faida kubwa kuliko hiyo katika mradi wote.

3 Februari 2025: mchoro na bajeti

Kabla ya kuchimba, mtaalamu alituchorea ukurasa mmoja wenye maneno matatu: chanzo, njia, mpokeaji. Chanzo ni tangi na kibanda cha betri. Njia ni udongo, vumbi, mvuke, na maji ya chini. Mpokeaji ni mtoto wa chekechea anayecheza na udongo kisha anatia vidole mdomoni, mpangaji atakayelala juu ya mvuke wa petroli, na jirani anayechota kisimani. Kikikosekana kimoja kati ya vitatu, hakuna madhara. Kazi yote inayofuata ni kuthibitisha kama vitatu hivyo vimeungana.

Manyatta ni mahali pa visima vifupi. Nyumba nyingi zina kisima na choo cha shimo ndani ya ua mmoja, na maji hayako mbali na uso wa ardhi. Nyuma ya uzio wetu wa kusini mashariki kuna visima viwili vinavyotumika kila siku. Niliomba viingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Wanachama waliuliza kwa nini tulipie kupima maji ya watu wengine. Jibu langu ni kwamba kilichovuja kwetu hakijui uzio uko wapi.

Ada ya mtaalamu kwa mradi mzima ni shilingi 90,000. Vibali tulivishughulikia sambamba: NEMA kwa ajili ya ujenzi, Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa ajili ya visima vya uchunguzi. Anza mapema, hivyo tu.

22 Februari 2025: mashimo ya kwanza

Tulikodi keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa mpini, tukaajiri vijana wanne. Keekee, vibarua na kukodi kipima mvuke: 28,000.

Mpango ulikuwa kila shimo lifike mita nne. Upande wa magharibi haukukubali. Keekee iligonga mwamba kwenye mita 2.8 hivi, tukasogea, ikagonga tena. Vijana wakaanza kuyaita mashimo hayo ya bure na kutaka yasiandikwe. Mtaalamu alikataa: kila kina cha kugonga mwamba kiandikwe, pamoja na mahali pake. Upande wa mashariki keekee ilipita mita 4.5 bila kizuizi. Wakati huo hakuna aliyejua tofauti hiyo ingekuja kutufaa. Nyie mnaoiga kazi hii, msitupe namba ya shimo lililokataa.

Tangi tulilitafuta kwa mtaimbo, polepole, tukidunga ardhi kwa mkono bila nyundo, kufuata mchoro wa Jaduong'. Chuma kililia kwenye sentimita 70. Bomba lake la kupumulia lilikuwa limekatwa na kufukiwa.

Udongo wa juu hapa ni mweusi, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Watu husema udongo huu haupitishi kitu. Ukiwa umelowa, ni kweli maji hupenya kwa shida. Lakini mwezi wa Februari nyufa zake zinaingiza kiganja kizima, na mafuta yakimwagika juu yanashuka kwenye nyufa hizo moja kwa moja. Tulipata udongo wa juu usio na dalili yoyote, na mita mbili chini yake udongo wa kijivu uliojaa petroli.

Kupima mvuke ni rahisi na kila kikundi kinaweza: jaza udongo nusu ya chupa ya kioo, funika mdomo kwa karatasi ya fedha ya jikoni, iweke juani dakika kumi, kisha toboa karatasi kwa ncha ya kipima mvuke. Kona ya mwarubaini ilionyesha karibu sifuri. Kando ya tangi, kwenye mita mbili, kipimo kilipita 600. Kijana mmoja alitaka kutambua kwa kunusa. Tumekataza kabisa. Benzini, ambayo imo ndani ya petroli, husababisha saratani ya damu, na pua haiwezi kukwambia kiasi chake.

11 Machi 2025: sampuli za udongo

Eneo la kibanda tuligawa kwa kamba, miraba ya mita tano kwa tano, na kila mraba tukachukua udongo wa juu kabisa, wa sentimita 30, na wa sentimita 60.

Hapa kazi ya asubuhi nzima ilibidi imwagwe. Mmoja wa vibarua wetu amewahi kufundishwa na afisa wa kilimo namna ya kupima rutuba ya shamba: unatembea ukichota hapa na pale, unachanganya kwenye ndoo, unapeleka kilo moja. Kwa mbolea ni sahihi. Kwa sumu ni hatari, kwa sababu kuchanganya kunaficha. Chukua mfano wa mraba mmoja wenye risasi miligramu 1,900 kwa kilo, na tisa zenye 30 kila mmoja. Ukichanganya vyote kumi, maabara itakuandikia 217, na hutajua kamwe kwamba kuna mahali mtoto hapaswi kukanyaga. Kwa udongo wa petroli ni vibaya zaidi, maana ukikoroga, mvuke unatoroka na pamoja nao ushahidi.

Tulirudia. Kila sampuli chupa yake, kijiko cha chuma kisichopata kutu kikioshwa kwa sabuni na kusuuzwa kati ya sampuli moja na nyingine, glavu mpya kila mara. Chupa za petroli zilijazwa hadi mdomoni bila nafasi ya hewa na kuingia kwenye kikasha cha barafu papo hapo. Zote zilisafiri kwa basi la usiku hadi maabara Nairobi.

Vipimo 18 vya risasi kwa 3,000 kila kimoja: 54,000. Vipimo vitano vya petroli kwa 14,000: 70,000.

29 Machi 2025: visima vya uchunguzi

Kujua maji yanakwenda wapi kunahitaji visima visivyopungua vitatu, na visiwe kwenye mstari mmoja. Kisima cha 1 tulikiweka kaskazini, chini ya mwarubaini. Cha 2 mashariki, kando ya tangi. Cha 3 kusini magharibi, kwa sababu sote, mtaalamu akiwemo, tuliamini maji ya hapa yanaelekea ziwani, na ziwa liko upande huo. Cha 3 kilikuwa mlinzi wetu wa mpaka.

Fundi aliyechimba ana uzoefu mkubwa wa visima vya kunywa. Alitengeneza mabomba ya inchi mbili, akayakata matundu kwa msumeno wa chuma, akamwaga mchanga mnene uliooshwa kuzunguka bomba, juu yake bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa) ya kuzuia maji ya mvua yasiteremke, na kofia ya simiti yenye kufuli. Kazi ya kupendeza kwa macho. Siku hiyohiyo tukateka maji, tukachukua pia sampuli kutoka visima viwili vya majirani, na chupa moja ya maji safi yaliyosafishwa iliyosafiri na zingine bila kufunguliwa, ili ikionyesha uchafu tujue umeingia njiani.

Visima: 36,000. Sampuli sita za maji: 84,000. Kipimo cha vijidudu na naitreti kwenye visima vya majirani: 9,000.

Kwenye kisima cha jirani wa kwanza, Dani mmoja (bibi, kwa Kijaluo) anayeishi na wajukuu, maji yalikuwa na utando unaong'aa rangi za upinde. Alikuwa ameacha kuyanywa akiamini ni mafuta. Mtaalamu aliugusa utando kwa kijiti. Ulivunjika vipandevipande vyenye ncha, na vipande havikuungana tena. Huo hutokana na bakteria wanaoishi kwa madini ya chuma. Utando wa mafuta ukiuchoma kwa kijiti hujifunga tena mara moja. Kisima cha jirani wa pili kilikuwa kisafi kwa macho, hakina utando, hakina harufu.

24 Aprili 2025: majibu yanayogongana

Risasi kwanza, maana ndiyo rahisi. Kona ya mwarubaini: miligramu 30 hivi kwa kilo, udongo wa kawaida. Ndani ya alama ya kibanda cha betri: hadi 1,900 juu kabisa, lakini kwenye sentimita 60 imeshuka chini ya 100. Risasi hushikana na udongo wa mfinyanzi na haisafiri mbali. Mtaalamu anatumia kipimo cha Marekani cha udongo wa makazi, ambacho Januari 2024 kilishushwa kutoka 400 hadi 200. Kwa mtoto mdogo hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Maji ndiyo yaliyotuumiza kichwa. Kwanza, visima vyetu vyote vitatu vilikuwa na kemikali moja ambayo si ya petroli, tetrahidrofurani, hata kile cha mwarubaini ambako hakuna uchafu wowote. Visima vya majirani havikuwa nayo. Chupa iliyosafiri bila kufunguliwa haikuwa nayo. Kwa hiyo haikutoka maabara wala kwenye basi. Ilitoka ndani ya visima vyetu wenyewe. Fundi alipoulizwa alieleza bila kuficha: aliunganisha mabomba kwa gundi ya PVC, kama anavyofanya siku zote, na hiyo ni mojawapo ya vimumunyisho vya gundi hiyo.

Pili, kisima cha kando ya tangi kilionyesha benzini ndogo mno ukilinganisha na udongo uliokizunguka. Sababu tuliiona tulipokagua mchoro wa fundi: matundu yalikuwa kwenye mita ya mwisho ya chini tu. Kisima cha kunywa hujengwa hivyo ili kichote maji ya chini zaidi. Lakini petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea. Tulikuwa tunachota chini ya uchafu.

Tatu, na hili lilinikosesha usingizi: kisima cha 3, mlinzi wetu wa mpaka, hakikuwa na benzini. Kisima cha Dani hakikuwa na benzini. Kile cha jirani wa pili, kisafi cha kupendeza, kilikuwa na mikrogramu 22 kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10.

Kamati iligawanyika. Wengine walisema ni kosa la maabara, mbona mpaka wetu ni safi? Wengine walisema tungoje kipimo cha pili, tukimwambia sasa atatushtaki. Wengine wakanyooshea kidole majibu mengine: visima vyote viwili vina vijidudu vya kinyesi na naitreti juu ya kiwango cha miligramu 50 kwa lita, kutokana na vyoo vya shimo, basi maji hayo tayari ni mabaya. Nilisimama kulijibu hilo la mwisho na nalirudia hapa. Vijidudu vya kinyesi mama anavijua, anachemsha au anatia klorini. Benzini haifi kwa klorini, na ukichemsha mvuke wake unakujazia jikoni. Naitreti nayo ukichemsha inazidi kukolea. Kumwacha mtu anywe sumu ya pili asiyoijua kwa sababu anaishi na ya kwanza anayoijua ni dhambi. Nilitaja pia Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri: mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo. Waliopoteza watoto hawarudishiwi na hukumu yoyote.

Kura ziliamua tumwambie jirani wa pili. Mwenyekiti wetu na mimi tulikwenda kwa jirani jioni ileile. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na mtoto wangu wa miezi sita, nimemwogeshea hayo?" Hatukumpa jibu la kumtuliza. Tulimwambia aache kuyatumia kwa kila kitu, na kuanzia kesho yake kikundi kinamlipia maji ya mkokoteni.

10 Mei 2025: visima upya, na bomba la fundi muashi

Tuling'oa, tukachimba tena. Safari hii mabomba yaliunganishwa kwa nyuzi za kukaza kama za skrubu, bila tone la gundi, na matundu yalianzia sentimita 70 chini ya uso hadi mwisho, ili maji yapande wakati wa mvua na kushuka kiangazi na bado usawa wake ubaki kwenye matundu. Fundi alifanya kazi ya mkono bila malipo na sisi tukanunua vifaa: 22,000.

Ndipo tukashika swali la mwelekeo. Hatukuwa na pesa za mpima ardhi. Tulitumia kile kila fundi muashi wa Kisumu anacho, bomba jembamba la plastiki linaloonyesha, lililojaa maji, la kupimia levo. Ncha moja kwenye mdomo wa kisima kimoja, nyingine kwenye mdomo wa kingine, bila kiputo cha hewa ndani, na unajua tofauti ya urefu kwa milimita chache. Kisha utepe uliopakwa chaki unashushwa ndani ya kila kisima kupima maji yako chini kiasi gani. Toa moja kwa nyingine.

Maji ya kisima cha 1 ndiyo yaliyokuwa juu kuliko yote. Ya cha 3, mlinzi wetu wa kusini magharibi, yalikuwa juu ya yale ya kisima cha 2 kwa sentimita 12. Maji hayapandi mlima. Hayaendi upande wa cha 3 hata kidogo. Yanatoka kaskazini, yanapita chini ya tangi, yanatoka kwetu upande wa kusini mashariki, kwenye uzio wa majirani.

Mtaalamu alitoa daftari la Februari. Magharibi mwamba uko kwenye mita 2.8, mashariki umezama zaidi ya 4.5. Chini ya kiwanja kuna mteremko wa mwamba unaoelekea kule, na maji yanaufuata. Mashimo "ya bure" yalikuwa yameshatuambia. Ziwa liko kusini magharibi, ni kweli, lakini maji ya chini ya nusu ekari hufuata mwamba wa nusu ekari.

Fikiria kama tungepima visima vyetu vitatu tu na kuacha vya majirani. Tungekuwa na karatasi ya maabara inayosema mpaka wetu ni safi, yenye mhuri, ya kweli kwa kila namba, na isiyo na maana yoyote. Tuliongeza kisima cha 4 kwenye uzio wa kusini mashariki: 8,000.

6 Juni 2025: duru ya pili

Sampuli nane, zikiwemo chupa iliyofungwa na nakala ya siri ya kisima cha 2 yenye jina jingine ili kuona kama maabara italingana nayo yenyewe. Zimelingana vizuri. Gharama: 112,000. Chupa ndogo za kioo, zenye matone ya asidi ndani, zilijazwa taratibu mpaka maji yavimbe mdomoni, zikafungwa, zikapinduliwa. Ikionekana hata punje ya hewa, mwaga uanze.

Tetrahidrofurani haipo. Kisima cha 1 na cha 3, safi. Cha 2, benzini mikrogramu 4,200 kwa lita na utando mwembamba wa petroli juu yake, tuliouona kwa macho mara ya kwanza. Cha 4, 310. Jirani wa pili, 34. Dani, hakuna, kwa sababu kisima chake kiko pembeni ya mkondo. Namba zinashuka kadiri unavyoondoka kwenye tangi, na zimepangana kwenye mstari uleule wa bomba la muashi.

Tumempeleka jirani nakala ya majibu yote, yake na yetu. Kikundi kimemlipia kuunganishiwa mfereji wa KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, na kisima kimefunikwa. Risiti yake siiweki kwenye gharama za uchunguzi. Hilo ni deni letu kwake.

19 Julai 2025: tangi latoka

Wauza vyuma chakavu walikuja mapema kuliko sote. Walitaka kulikata kwa gesi palepale na kutulipa. Tuliwafukuza kwa heshima. Tangi lililoachwa lina petroli kidogo chini na mvuke mwingi juu, na ni huo mvuke unaolipuka. Mkandarasi mwenye leseni alinyonya masalio, akatia barafu kavu (gesi ya kabonidioksaidi iliyogandishwa) ndani ili gesi hiyo isukume hewa nje, akapima kwa kipima gesi, na hapo tu ndipo likanyanyuliwa kwa winchi. EPRA (mamlaka ya nishati na petroli), NEMA na zimamoto wa kaunti waliarifiwa kabla. Gharama: 140,000.

Sehemu ya chini ilikuwa imeoza, na matundu mawili yalipitisha kidole gumba.

Udongo wa risasi, nusu mita ya juu ya alama ya kibanda, ulibebwa na kampuni yenye leseni ya taka hatari, ukiwa umefunikwa na kunyunyiziwa maji kuzuia vumbi. Gharama: 210,000, na ndiyo bei iliyotuumiza kuliko zote. Kuna waliopendekeza tuumwage kwenye mashimo ya barabara usiku. Hoja hiyo haikufika kura.

Udongo wa petroli ni jambo tofauti, unaweza kutibiwa hapahapa. Tumeurundika juu ya plastiki nzito, tukachanganya na samadi ya ng'ombe, tukaupitishia mabomba yenye matundu ili uvute hewa, tukaufunika. Bakteria wa kwenye udongo wanakula petroli wakipata hewa, unyevu na naitrojeni.

30 Agosti 2025: rundo na ramani mpya

Rundo halikuanza vizuri. Kipima mvuke kilikuwa hakishuki, na tulipolifungua katikati, udongo mweusi ulikuwa umeshikana mabonge magumu, hewa haipiti. Tulilifumua lote, tukaongeza pumba za mchele kutoka Ahero ili liwe na matundu, tukalirundika upya kwa kimo cha chini zaidi. Tangu hapo kipimo kinashuka kila wiki.

Ramani ya jengo imebadilika. Chekechea imehamia kona ya mwarubaini, kwenye udongo wa kawaida, upande ambako maji ya chini hutokea kabla hayajafika penye tangi. Upande wa mashariki hakutakuwa na chumba cha chini kabisa. Patakuwa maegesho ya wazi chini ya nguzo, upepo upite, ili mvuke wowote uliobaki usikusanyike ndani ya nyumba ya mtu. Vyumba viwili vimepotea kwenye mahesabu ya kodi, na mkutano mkuu umekubali.

Mpaka leo tumetumia shilingi 863,000, bila mfereji wa jirani. Tungetumia pesa pungufu kwenye visima kama gundi na matundu vingepangwa tangu mwanzo, kwa hiyo mwambie fundi wako mambo hayo mawili kabla hajanunua bomba.

Hatua inayofuata ni kupima visima vyote vinne na viwili vya majirani mwezi Novemba, maji yakiwa juu kwa mvua za vuli, kisha tena Februari yakiwa chini. Rundo litachukuliwa sampuli likishuka chini ya 20 kwenye kipima mvuke. Msingi haumwagwi kabla ya majibu ya Februari.